Beki wa Barafuni na Mambo Yasiyotokea

Msimu wa 2022-23 Erik Karlsson, beki wa San Jose Sharks, alifunga mabao 25 na kutoa pasi 76 za mabao. Jumla pointi 101, na kwa beki wa ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini hizo ni namba za kutisha. Alitunukiwa Norris, tuzo ya beki bora wa msimu, kwa mara ya tatu. Safu nyingine ya jedwali la takwimu zake ilisema vingine: hasi 26. Yaani, ukiweka kando mabao ambayo timu hufunga ikiwa na mtu wa ziada barafuni, Karlsson akiwa mchezoni Sharks walifungwa mabao 26 zaidi ya waliyofunga.

Beki bora wa ligi, au beki anayevuja? Namba zote mbili ni sahihi, na hakuna hata moja inayojibu swali.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanachokigombania kwa magongo yao ni kisahani kigumu cha raba. Mistari miwili ya buluu huukata uwanja vipande vitatu: eneo lako, eneo la kati na eneo la mpinzani. Wachezaji hupokezana kwa zamu ambazo mara nyingi hazifiki dakika moja, na mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mabao ni machache. Taabu ya kumpima beki inaanzia hapo, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri karani wa mechi hana cha kuandika.

Kipimo cha kujumlisha na kutoa, kile kilichompa Karlsson hasi 26, NHL imekitunza rasmi tangu msimu wa 1967-68. Rekodi ni ya Bobby Orr, chanya 124 katika msimu wa 1970-71, na hadi leo haijavunjwa. Orr alikuwa gwiji, hilo halina ubishi. Lakini Boston Bruins ya msimu ule ilifunga mabao 399, na beki wa kawaida kabisa akitupwa katika timu kama hiyo naye hurudi nyumbani na alama chanya. Kipimo hiki humvika beki sifa za kipa wake na humtwika makosa ya kipa wake. Mimi sikitumii.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kuhesabu mabao na kuhesabu mashuti: yaliyolenga, yaliyopaa na yaliyozuiwa njiani. Kipimo hicho kinaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Kwa kuwa mashuti ni mengi kuliko mabao, bahati hupungua nguvu. Hata hivyo Corsi huwapa wachezaji wote waliokuwa barafuni alama moja. Inakwambia timu ilielemewa wakati beki fulani anacheza, haikwambii kama aliyefungua mlango ni yeye.

Ili kumjua aliyefungua mlango, mtu alilazimika kukaa mbele ya video na kuandika kwa mkono. Mwaka 2013, katika kongamano la MIT Sloan la uchambuzi wa michezo, Eric Tulsky, mwanakemia kwa taaluma, na wenzake waliwasilisha utafiti uliotokana na kazi ya namna hiyo. Waliandika kila mara timu ilipovuka mstari wa buluu wa mpinzani: nani alivuka, na alivuka vipi, akiwa na kisahani kwenye gongo lake au akikibutua ndani na kukikimbilia. Matokeo yalikuwa wazi. Kuingia na kisahani kwenye gongo kulizaa mashuti zaidi ya maradufu ya kubutua. Mmoja wa wenzake hao, Corey Sznajder, baadaye alijipa kazi ya kuhesabu mechi za msimu mzima wa 2013-14 kwa namna hiyo, na kazi yake ndiyo imekuwa hazina kuu ya umma ya takwimu hizi.

Kwa beki, matokeo hayo yaligeuza swali. Kama kubutua kuna hasara kwa mshambuliaji, basi beki anayemlazimisha abutue ameshinda kabla shuti halijapigwa, hata kama hakugusa kitu. Mhesabuji huandika mambo matatu kwa kila shambulio lililomwelekea beki: mpinzani alipita na kisahani, alilazimika kubutua, au alinyang'anywa palepale mstarini.

Watu wengi huharibu kazi hapa, kwa kusoma idadi bila kuuliza imetoka katika mara ngapi. Chukua mfano wa kubuni. Beki wa kwanza ameruhusu wapinzani wapite mara 20, wa pili mara 10. Wa pili anaonekana bora maradufu. Lakini wa kwanza aliendewa mara 40, wa pili mara 15 tu. Wa kwanza aliruhusu nusu, wa pili theluthi mbili. Tena usiishie hapo. Uliza kwa nini huyu wa pili aliendewa mara chache. Wapinzani hukwepa upande wa beki wanayemwogopa, na hivyo beki mkali anaweza kukuachia daftari lenye mistari michache mno. Kwa mfano wetu huyu sivyo, kwa kuwa wachache waliomjaribu walipita. Pengine alicheza dakika chache tu. Ndiyo maana namtaka mhesabuji aniletee kwanza mara ambazo beki aliendewa, na dakika alizocheza, ndipo tuzungumzie alichozuia.

Andrew MacDonald ni mfano halisi wa hesabu iliyosimama peke yake. Msimu wa 2013-14 aliongoza NHL kwa kuzuia mashuti kwa mwili wake, na Philadelphia Flyers wakampa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 30. Wachambuzi waliokuwa wakitazama mstari wa buluu walilalamika: beki huyu hurudi nyuma mno na kuwaachia wapinzani waingie na kisahani. Mtu anayejilaza mbele ya mashuti mengi ni jasiri, ila mashuti hayo yamepata wapi nafasi ya kupigwa? Kufikia Oktoba 2015 alikuwa ameshushwa ligi ya chini.

Nusu ya pili ya kazi ya beki ni kutoka. Kisahani kimebutuliwa nyuma yake, mshambuliaji anamjia mgongoni, na ana sekunde moja au mbili za kuamua. Mhesabuji huandika kama alitoka eneo lake kwa pasi, kwa kukokota mwenyewe, kwa kukipiga tu ukutani kiende, au alipoteza na kurudishiwa shambulio. Wanaomtetea Karlsson hujenga hoja yao hapa, na naona wana haki: timu yake ilikuwa miongoni mwa dhaifu kabisa za msimu ule, na anachokifanya kisahani kikiwa kwenye gongo lake kinatenganishika na yanayowapata wenzake.

Kalamu ina udhaifu wake. Mchezaji amevuka mstari na kisahani, kikamponyoka papo hapo: aliingia au hakuingia? Kanuni iandikwe kabla ya mechi ya kwanza, na watu wawili waihesabu mechi moja bila kuonana, kisha walinganishe. Wakitofautiana sana, tatizo ni kanuni. Kamera za televisheni nazo hurudia bao wakati mchezo umeshaanza upya, na tukio linapotea. Kubwa kuliko hayo, beki hathubutu kusimama mstarini kama mshambuliaji wake hajarudi kumsukuma mpinzani kutoka nyuma. Kocha anayeamuru mabeki warudi nyuma atawafanya wote waonekane waoga kwenye daftari. Kwa hiyo mlinganishe beki na wenzake wa timu moja kwanza.

Tangu 2021 NHL hufuatilia kisahani na wachezaji kwa vifaa vya kielektroniki, na tangu Oktoba 2023 sehemu ya takwimu hizo iko wazi: kasi ya wachezaji, umbali, kasi ya mashuti. Nani alilazimisha nani abutue, hilo umma bado unalipata zaidi kwa macho ya mtu. Gharama yake ni saa kadhaa kwa mechi moja, si fedha nyingi. Hata Kenya Ice Lions, waliokulia kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari jijini Nairobi na ambao nchi yao ilipokewa katika shirikisho la dunia, IIHF, mwaka 2024, wangeweza kuanza kwa simu moja juu ya kiti na daftari.

Tulsky mwenyewe aliajiriwa na Carolina Hurricanes mwaka 2014, na Juni 2024 akawa meneja mkuu wao. Wiki chache baadaye klabu ilimwongezea Jaccob Slavin mkataba wa miaka 8. Ni beki ambaye hadi siku hiyo hakuwa amefikisha mabao 10 katika msimu wowote, na ambaye katika mechi 52 za msimu wa 2020-21 aliadhibiwa dakika mbili tu. Norris hajawahi kuipata.