Sauti Kando ya Picha: Kiswahili na Msimulizi wa Sinema

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa sinema wamezoea kuigawa historia ya sanaa hiyo katika vipindi viwili: kipindi cha filamu bubu na kipindi cha filamu zenye sauti. Mpaka baina ya vipindi hivyo kwa kawaida huwekwa mwaka 1927, ilipotolewa Marekani filamu ya The Jazz Singer. Mgawanyo huo unaifaa Hollywood, lakini hautoshi kueleza jinsi sinema ilivyopokewa na wasemaji wa Kiswahili. Kwao, sauti iliyoifafanua picha mara nyingi ilitoka nje ya filamu yenyewe: katika santuri, katika kinywa cha mkalimani, au kwa jirani aliyeketi kando. Mhadhara huu unadai kwamba msimulizi huyo wa kando si kiraka cha kuziba upungufu, bali ni sehemu ya sanaa yenyewe. Mfano wa kuanzia unapatikana Vugiri, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe.

2.0 Jaribio la Vugiri

Kati ya mwaka 1935 na 1937 Vugiri ilikuwa makao ya mradi uliojulikana kama Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mradi huo ulianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Viongozi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu katika Rhodesia ya Kaskazini. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na maadili, na waigizaji wake walikuwa Waafrika.

Filamu hizo zilikuwa za utepe wa milimita 16 usio na sauti. Maelezo yalirekodiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa. Mazingira yenyewe yalidai hivyo. Milimani kulisemwa Kishambaa. Katika tambarare, hadi Handeni, kulisemwa Kizigua. Na mashamba ya mkonge yalikusanya vibarua wa lugha nyingi waliokutana katika Kiswahili. Kiswahili sanifu nacho kilikuwa kichanga. Kamati ya Lugha ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930, na kamusi kubwa ya Frederick Johnson ilichapishwa mwaka 1939, baada ya mradi kufungwa.

3.0 Lisiloweza kuonyeshwa na picha

Mojawapo ya filamu za Vugiri ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanalipwa mishahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini na zinaibwa, mwenzake anaziweka posta. Picha inaweza kuonyesha shimo, mwizi na dirisha la posta. Je, inaweza kuonyesha dhana ya akiba?

Sarufi ya Kiswahili inatoa jibu. Msimulizi akisema "anachimba", anaifuata picha kama shahidi. Akisema "akachimba", ameigeuza picha kuwa hadithi, na kitendo kimeungwa na kilichotangulia. Akisema "angaliziweka posta, zisingaliibwa", ametaja jambo lisiloonekana popote kwenye kitambaa. Picha moja pekee haina kiambishi -ngali-. Sharti, majuto na hukumu hukaa katika lugha, na funzo lote la filamu hiyo lilisimama juu ya hayo. Kwa hiyo aliyemiliki maneno ya santuri ndiye aliyeimiliki maana, na maneno hayo yaliamuliwa na wasimamizi wa mradi, si na hadhira.

4.0 Kutoka santuri hadi fanani

Santuri haimwoni mtazamaji. Sindano ikiruka, au utepe ukikatika na kuungwa upya, sauti huiacha picha, nayo haiwezi kujirekebisha. Msimulizi hai anaweza. Wajapani walilijua hilo mapema: katika enzi ya filamu bubu msimulizi wao, benshi, alikuwa msanii mwenye sifa zake, na watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuitazama filamu.

Afrika Mashariki ilipitia njia yake. Miaka ya 1950 zilitokea filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, alimoigiza Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa baadaye. Wakati huohuo filamu za Kihindi, ikiwemo Awaara ya Raj Kapoor (1951), zilipendwa na watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi; waliojua kisa waliwasimulia wenzao. Kutokana na mazoea ya namna hiyo, lugha ya mitaani ilipata istilahi zake za uhakiki: "stelingi" ni mhusika mkuu asiyetarajiwa kufa, na "adui" ni mpinzani wake.

Katika vibanda umiza, fanani huyo alipata kipaza sauti. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijijengea jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Wapo wanaoilaumu kazi ya namna hiyo kwa kupotosha mazungumzo ya asili na kupuuza hakimiliki. Lawama hizo zina uzito. Hata hivyo, kuipima kazi hiyo kwa kipimo cha tafsiri pekee ni kuikosea. Msimulizi hutania, huonya, hufananisha na kuihusisha hadhira, na hizo ni mbinu za fasihi simulizi.

5.0 Hitimisho

Kati ya filamu za Vugiri, tatu ndizo zinazojulikana kusalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Kwa kuwa sauti haikuwamo ndani ya utepe, anayeutazama utepe hutazama picha bubu: midomo inacheza, Kiswahili hakisikiki. Hasara hiyo ina funzo kwa watafiti wa leo. Masimulizi ya vibanda umiza yamo katika kanda na diski zinazochakaa, na wasimulizi wake wanazeeka. Idara za Kiswahili zinapaswa kuyakusanya, kuyanukuu na kuyachambua kama matini kamili, kabla nayo hayajabaki picha zisizo na sauti.