Mali ya yatima isilale, wala isichezewe

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyezaliwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib.

Ndugu Waislamu, hutokea mzazi akafariki, mirathi ikagawanywa kwa uadilifu, na fungu la mtoto wa miaka mitatu akakabidhiwa ami au mjomba. Watu huondoka wakiamini kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Mlezi huyo amebeba amana ya miaka 15. Je, aiweke wapi?

Wapo wanaoifungia sandukuni kwa kuogopa dhima. Nia yao ni njema, lakini mali iliyolala hupungua. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea mwambao wetu wote, mali ya mtoto iliyofikia nisabu hutolewa Zaka ya asilimia 2.5 kila mwaka. Shilingi milioni 60 zikitolewa Zaka kwa miaka 15 bila kuzalisha chochote, hubaki takriban milioni 41, na wakati huo bei za vitu nazo zimepanda. Ndiyo maana imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (RA) aliwahimiza walezi wafanye biashara kwa mali za mayatima ili Zaka isizimalize. Bibi Aisha (RA) naye alikuwa akiwapa watu mali za mayatima aliowalea ili wazifanyie biashara.

Katika aya ya 5 ya Suratun-Nisaa, Allah (SW) ameamrisha wasioweza kusimamia mali walishwe na wavishwe katika mali hiyo. Baadhi ya wafasiri wameizingatia lafudhi hiyo: haikusemwa walishwe kutokana nayo, bali ndani yake. Wakafahamu kuwa matumizi ya mtoto yatoke kwenye faida, na rasilimali ibakie.

Sasa ikuzwe kwa njia gani? Akaunti ya riba si njia, kwani haramu haigeuki halali kwa sababu mwenye mali ni mtoto. Zipo akaunti za mudharaba, kama katika Amana Bank iliyoanza kazi Tanzania mwaka 2011, na Gulf African Bank iliyofunguliwa Kenya mwaka 2008. Katika mudharaba, mwenye mali na benki hugawana faida kwa uwiano waliokubaliana. Mlezi afahamu kuwa faida hiyo haina dhamana, na hasara isiyotokana na uzembe huingia katika mtaji. Zipo pia nyumba za kupangisha, ambazo kodi yake humsomesha mtoto na jengo likabaki lake, pamoja na hisa za kampuni ambazo shughuli zake ni halali. Kwa muda mrefu namna hii, ni busara kutoweka mali yote mahali pamoja.

Linaloangamiza walezi wengi ni ukaribu. Mlezi huanza kwa kukopa kidogo kuokoa duka lake, kisha akajiuzia kiwanja cha yatima kwa bei ya kujikadiria mwenyewe. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Aya ya 6 imemtaka mlezi tajiri ajizuie, na mlezi fukara atumie kwa wema tu.

Kwa hiyo, hati na akaunti ziandikwe kwa namna inayoonyesha wazi kuwa mali ni ya mtoto. Daftari la mapato na matumizi litunzwe, na ndugu wengine walione kila mwaka. Asiyejiamini aombe msaada mapema kwa kadhi. Na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mtoto akikaribia kubaleghe, mlezi amfunze na kumjaribu kwa kiasi kidogo. Akimwona ana busara ya kusimamia mali, amkabidhi mbele ya mashahidi, kama aya hiyo ya 6 ilivyoagiza. Siku hiyo ndipo mlezi atakapoweza kulala usingizi.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana. Amin.