Zamu ya Kutiana Moyo

Wakatoliki wawili wa Tanzania wakikutana ugenini, hawachelewi kuulizana: "Unasali jumuiya gani?" Jibu huwa jina la mtakatifu, tuseme Mtakatifu Rita au Mtakatifu Yuda Tadei, na nyuma ya jina hilo zimo kaya za mtaa mmoja, kumi, kumi na tano au zaidi kidogo. Parokia inaweza kuwa na maelfu ya waumini, paroko asiwajue wote kwa sura. Jumuiya humjua hata mtoto aliyeanza kukohoa jana. Kwa hiyo anayetaka kuelewa watu hawa wanapata wapi nguvu ya kuamka Jumatatu na kurudi kuhangaika asiishie kwenye Misa ya Jumapili. Aulize jumuiya inasali kwa nani wiki hii.

Desturi yenyewe si ya kale. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia vikundi vya majirani. Mwaka 1976 walikutana tena, wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Huko Kongo maaskofu walikwisha kuelekea njia hiyo tangu 1961. Tanzania ilikuwa na sababu yake ya kulipokea wazo hilo upesi. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, watu walikwisha kumzoea balozi wa nyumba kumi, na majirani kukaa pamoja kujadili mambo yao hakukuwa jambo geni. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alifika mbali zaidi: alikwenda kuishi katika kijiji cha Ujamaa pamoja na wanakijiji.

Siku na saa za kusali hutofautiana. Dar es Salaam jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri ili watu wawahi shughuli zao. Kwingine ni jioni, mifugo ikisharudi. Nyumba hupokezana zamu. Mwenye zamu hufagia ua, hutandika mkeka, huazima viti kwa jirani, ambaye huenda ni Mwislamu au Mlutheri na hutoa viti bila maswali. Anayeingia husema, "Tumsifu Yesu Kristo," nao waliotangulia humjibu, "Milele na milele, amina." Mwezi Mei na Oktoba husaliwa Rozari, Kwaresima Njia ya Msalaba. Wiki za kawaida hufunguliwa Injili.

Jumuiya nyingi huisoma Injili hiyo kwa hatua saba zilizotungwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Humwalika Bwana, husoma, hurudia neno lililowagusa, hunyamaza, kisha hushirikishana. Hapo mama muuza maandazi huzungumza sawa na mwalimu mstaafu, na hakuna anayehubiri. Mmoja atasema wiki hii mkopo umemkaba koo. Mwingine atasema mwanawe amefaulu, na wote watapiga makofi. Hatua ya saba ni maombi. Lakini kabla yake ipo ya sita, na kwangu hiyo ndiyo roho ya mkutano: Neno hili linatutuma kufanya nini juma hili, na nani atakwenda?

Hapo faraja inapata miguu. Katibu anafungua daftari. Mzee fulani katoka hospitali: nani watakwenda kumwona, lini, wakiwa na nini? Binti fulani kajifungua: nani atamfulia, nani atapeleka uji? Ukitokea msiba, jumuiya ndiyo hufika kwanza, hukesha, huongoza sala, huchota maji, hupika, na hukusanya rambirambi kabla ndugu wa mbali hawajapata basi. Kumwambia mfiwa awe na imani ni rahisi. Kumwoshea vyombo siku tatu ni kazi, na ni kwa kazi hiyo mfiwa huamini kwamba Mungu hakumsahau.

Haimaanishi kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Wanaume ni wachache. Jumuiya nyingi zingekuwa zimekufa bila akina mama. Michango hufuatana, ya ujenzi, ya mavuno, ya harusi, mpaka mwenye kipato kidogo anaanza kuikwepa siku ya kusali. Siri iliyoshirikishwa kwa machozi huweza kuzunguka mtaani kabla ya jioni. Tena, kwa kuwa katika parokia nyingi mtu hahudumiwi ubatizo, ndoa au mazishi bila barua ya jumuiya, wapo wanaofika ili tu majina yao yawemo kwenye daftari. Lawama hizo ni za haki, na wanajumuiya wenyewe huzisema kwa sauti kwenye vikao.

Hata hivyo, ipo kanuni moja inayoiokoa desturi hii isigeuke ofisi ya misaada: zamu hairuki nyumba. Mjane anayeishi chumba kimoja cha kupanga, ambaye mwezi uliopita alichangiwa unga, naye hufikiwa na zamu. Watu watabanana kitandani na mlangoni, wengine watasimama koridoni. Atasoma Injili kwa sauti yake, atataja nia zake, na pengine atapangwa yeye kwenda kumtazama mgonjwa wa nyumba ya nne. Hakuna aliyewekwa kuwa mfariji wa kudumu, wala aliyewekwa kuwa mfarijiwa wa kudumu.

Siku hizi mahubiri ya matumaini yamejaa redioni na kwenye simu, mengine ya kusisimua kweli, na mtu huweza kuyasikiliza peke yake kutwa nzima. Yanachangamsha, lakini hayamdai msikilizaji kitu, wala hayatagundua siku asipoonekana. Jumuiya hugundua. Asipofika mara mbili, mtu atagonga mlango wake, si kwa kumpeleleza, ingawa mara nyingine hufanana hivyo, bali kwa sababu jina lake limo kwenye orodha ya watu wanaotegemewa. Kwa aliyekata tamaa, kuambiwa kwamba anapendwa kunasaidia. Kuambiwa kwamba Jumamosi ijayo ni zamu yake, na watu watakuja, kunamlazimu asimame afagie ua.