Mama na Baiskeli: Anza Polepole

Akina mama wengi tunaopanda baiskeli ili kuupa mwili nguvu hukata tamaa mapema. Si kwa uvivu, bali kwa haraka. Siku ya kwanza tunakwenda mbali, siku ya pili mapaja yanauma, siku ya tatu baiskeli inarudi stoo.

Kwanza, rekebisha kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti ndiyo yatakayoumia. Kisha kagua breki na upepo wa matairi.

Juma la kwanza endesha dakika 15 tu, mara tatu, mahali tambarare, ukipumzika siku moja katikati. Kila juma ongeza dakika chache. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mazoezi hayo husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayowanyang'anya watoto wengi mama zao. Mwenye ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Na wale wanaocheka wakimwona mama juu ya baiskeli? Tuwasalimie, tuendelee na safari.