Darubini Uani na Ulinzi wa Nyaya Zake: Karagwe na Kyerwa

Kutazama nyota kwa vyombo si jambo geni Karagwe. Mnamo Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa huko na Omukama Rumanyika, naye alikuwa amebeba sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya jua au nyota juu ya upeo wa macho, ili ajue mahali alipo duniani. Chombo hicho hakikuhitaji umeme. Darubini nyingi za siku hizi zina mota, mota inahitaji waya, na waya una adui wengi.

Kabla ya kuwataja adui hao, yafaa kueleza jinsi darubini inavyosimamishwa. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, kwa hiyo nyota iliyo ndani ya kioo huondoka baada ya dakika chache. Ili kuifuata, mhimili wa kitako cha darubini hulazwa sambamba na mhimili wa dunia. Mjini London mhimili huo huinuka zaidi ya digrii 51. Karagwe na Kyerwa (wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012) ziko karibu mno na Ikweta, hivyo mhimili huinuka digrii moja au mbili tu, yaani hulala karibu sawa na ardhi, ukielekea kusini. Vitako vingi vilivyoundwa kwa ajili ya nchi za mbali na Ikweta haviwezi kulala kiasi hicho. Havina budi kusaidiwa kwa kabari imara ya mbao au chuma.

Kusini hupatikana bila dira. Mti wa mita moja husimikwa wima uani mwezi Juni. Kabla ya adhuhuri ncha ya kivuli hutiwa alama, na duara huchorwa kupita katika alama hiyo, kitovu chake kikiwa shina la mti. Alasiri, ncha ya kivuli inapoligusa duara tena, alama ya pili hutiwa. Mstari unaotoka kwenye shina na kupita katikati ya alama hizo mbili huonyesha kusini. Adhuhuri ya mwezi huo jua huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha mti huo hufikia karibu sentimita 46. Zoezi hili lisifanywe mwishoni mwa Machi wala Septemba, maana wakati huo jua hupita karibu na utosi na kivuli cha adhuhuri karibu kitoweke.

Sasa waya. Panya, panya buku na nungunungu wote ni jamii ya wanyama wagugunaji. Meno yao ya mbele hayakomi kukua, na yasipotumiwa huwa marefu kupita kiasi. Kwa hiyo mnyama huyo hugugunu vitu vigumu hata kama haviliki. Nungunungu hukusanya mifupa mikavu kwa kazi hiyo. Ganda la plastiki ni laini mno mbele ya meno hayo, na shaba iliyo ndani si ngumu kuyashinda. Mchwa nao hawali plastiki kwa kushiba. Hujenga njia zao za udongo juu ya waya, kisha hutafuna ganda ili kujifungulia njia.

Karagwe ina hatari yake mahususi. Migomba hutandazwa nyasi na majani makavu ili ardhi itunze unyevu. Matandazo hayo ni neema kwa mkulima, lakini pia ni nyumba ya mchwa na panya. Waya usipitishwe humo hata kwa usiku mmoja. Upitishwe katika uwanja uliofagiwa.

Hasara ya waya uliotafunwa si fedha tu. Novemba 3, 2013 jua lilipatwa kabisa huko Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na giza kamili halikufikia nusu dakika. Mwenye chombo kibovu hakupata nafasi ya pili. Kubwa zaidi ni uhai. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukiletwa uani kwa waya wenye jeraha, juu ya nyasi zenye umande, waweza kumuua mwanafunzi. Darubini itumie betri ya volti 12, na fyuzi ifungwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu nyaya mbili zilizomenywa zikigusana huweza kuwasha moto.

Dawa iliyo bora ni kupunguza waya wenyewe. Betri ikiwekwa chini ya darubini, waya wa mita moja hutosha. Hesabu za fizikia zaafikiana na jambo hili: waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1.5, ukipeleka ampea 2 umbali wa mita 20, hupoteza karibu volti 1 kati ya zile 12 kwa kwenda na kurudi. Baada ya kazi waya hukunjwa na kuingizwa ndani ya nyumba, ukatundikwa. Darubini isiyo na mota, inayosukumwa kwa mkono, huepuka shida hii yote, na kwa shule nyingi ndiyo ya kuanzia.

Penye nguzo ya kudumu, waya hupitishwa ndani ya bomba la chuma lililofukiwa nusu mita, kwa mteremko ili maji yatoke, na midomo yake huzibwa kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Waya wa juu huwekewa sahani ya bati, kama ile ya miguu ya ghala la mahindi. Oili chafu, ambayo wengi hupaka nguzo kuzuia mchwa, isipakwe kwenye waya, maana huharibu mpira na plastiki. Sumu ya panya nayo haifai: humfikia bundi, ambaye huchukiwa bure ilhali yeye ndiye mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Jambo la mwisho ni taa. Msimu wa senene, hasa Novemba, taa nyeupe huwaita wadudu hao kwa wingi hadi juu ya kioo. Taa ndogo nyekundu huwavuta kwa uchache, na macho hubaki yamezoea giza.