Kutambuliwa na Kuruhusiwa: Milango Miwili ya Programu za Java

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, yaani namna programu za tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya Java zinavyompokea mtumiaji kwa fomu ya kuingilia, na kwa nini pengine humkatalia mtu mwenye haki. Msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili huenda akauliza jambo hili linamhusu nini. Jibu letu ni kwamba hitilafu tuliyoikuta hapa Likasi, ilipochunguzwa hadi mwisho, ilionekana kuwa hitilafu ya umoja na wingi wa jina.

Taasisi moja ya elimu ya juu mjini mwetu ilikuwa imetengenezewa programu ya kuhifadhi alama za wanafunzi, nasi tukaombwa kusaidia kuandika kurasa zake kwa Kiswahili. Siku chache kabla ya kikao cha kuamua matokeo, mama karani aliyekabidhiwa kazi ya kuingiza alama alikwama. Aliandika jina lake na nenosiri lake, akaona ukurasa wa mwanzo ukimkaribisha kwa jina; lakini kila alipofungua ukurasa wa alama aliletewa maneno ya Kiingereza na namba 403. Wakubwa wake wakasema amesahau nenosiri. Akapewa jipya, kisha jingine tena. Siku ya tatu, kikao kimekwisha kuahirishwa na lawama zote zikiwa juu yake, alitwambia kwa Kiswahili chetu cha Katanga: “Inaniyua, lakini inakatala.”

Hakuna fundi aliyekuwa amelieleza tatizo kwa usahihi kama huo. Mama huyo alitumia vitenzi viwili, kujua na kukataa, na programu ya Java nayo ina milango miwili. Katika mlango wa kwanza mtu huulizwa yeye ni nani. Katika mlango wa pili huulizwa kama mtu huyo, aliyekwisha kujulikana, anaruhusiwa kufika pale anapotaka kufika. Wazee waliokulia hapa wakati mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966, hawana haja ya kufafanuliwa sana tofauti hii. Enzi ya Wabelgiji mtu aliweza kuwa na kitabu chake cha utambulisho mfukoni, na yote yaliyoandikwa humo yakawa kweli, na bado asipite usiku katika mitaa ya Wazungu bila karatasi nyingine ya ruhusa.

Kwa bahati mbaya, maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu kompyuta hutumia neno moja, uthibitishaji, kwa milango yote miwili. Sisi tunapendekeza utambuzi kwa mlango wa kwanza na idhini kwa mlango wa pili. Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu tu: neno likiwa moja, karani hubadilishiwa nenosiri siku tatu kwa kosa lisilohusu nenosiri.

Sasa tuitazame mitambo yenyewe. Kila programu ya namna hii huweza kuwa na faili iitwayo web.xml, ambamo masharti ya milango huandikwa. Kwa mlango wa kwanza, mtengenezaji hutaja ukurasa wenye fomu na ukurasa wa kosa. Fomu hiyo lazima ipeleke majibu yake kwenye anwani j_security_check, na nafasi zake mbili ziitwe j_username na j_password. Majina haya yamewekwa na kanuni za Java zenyewe, wala hayatafsiriki. Tuliwahi kuona fomu nzuri ya Kiswahili ambayo mwandishi wake, kwa bidii ya kusanifisha, alikuwa ameyatafsiri nayo. Ikawa haimtambui mtu yeyote. Kinachotafsiriwa ni maneno anayoyasoma mtumiaji, si majina yanayosomwa na seva. Ikumbukwe pia kwamba katika njia hii ya fomu, anayekosea nenosiri huletewa ule ukurasa wa kosa. Kwa hiyo anayeona 403 kwa kawaida amekwisha kuupita mlango wa kwanza.

Mlango wa pili huandikwa katika kifungu kiitwacho security-constraint. Humo hutajwa anwani zinazolindwa, mathalani zote zinazoanza na /alama/, na vyeo vinavyoruhusiwa kuzifikia. Tumechagua neno cheo badala ya jukumu linalopendwa na baadhi ya watafsiri, kwa sababu hapa seva haiulizi mtu anafanya kazi gani, bali ameandikwa katika kundi gani. Na hapa ndipo tulipolikuta kosa letu. Katika web.xml, cheo kilichoruhusiwa kilikuwa “karani”. Katika jedwali la watumiaji, mtu mwingine, akifikiria kundi zima, alikuwa ameandika “makarani”. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo ni neno moja katika umoja na wingi. Kwa seva ni mifuatano miwili ya herufi isiyofanana, sawa na “Karani” kwa herufi kubwa, ambalo nalo lingekataliwa. Tulifuta silabi moja, na jioni ile ile mama karani akaingiza alama.

Kosa la kufunga mno hujitangaza lenyewe, kwa kuwa aliyefungiwa hulalamika. Kosa la kuacha wazi hukaa kimya. Baadhi ya watengenezaji hutaja katika kifungu kile njia za maombi, wakiandika GET na POST tu kwa kudhani wameongeza ulinzi. Maana yake ni kinyume: sharti huzihusu njia zilizotajwa peke yake, na nyingine kama HEAD na PUT hubaki bila mlinzi. Ni heri kutotaja njia yoyote, na hapo zote hulindwa. Tangu toleo la 3.1 la kanuni za Servlet, la mwaka 2013, ipo pia amri ya kuzikataa njia zisizotajwa, lakini lazima iandikwe, haiji yenyewe. Aidha, kifungu chenye auth-constraint tupu humkatalia kila mtu, hali kisicho nayo kabisa humruhusu kila mtu. Tofauti ya mstari mmoja.

Limebaki tatizo linalotusumbua zaidi hapa Likasi, nalo latokana na umeme. Mtumiaji amefungua fomu, umeme unakatika, seva inazimika ghafla. Kompyuta yake ya betri bado inamwonyesha fomu ile ile. Umeme ukirudi, anajaza na kutuma. Nenosiri ni sahihi, lakini seva ya Tomcat, iliyo maarufu kwa kazi hii, imekwisha kusahau kikao chake na ukurasa aliokuwa akiuendea, hivyo humjibu kwa namba 408, kana kwamba amechelewa. Aliyehifadhi anwani ya fomu yenyewe hupatwa na mkasa wa jamaa moja, kwa kuwa fomu hii imekusudiwa kuitwa na seva mtu anapoomba ukurasa uliofungwa. Dawa ni kuanza upya kwa anwani ya ukurasa wa mwanzo wa programu. Fundi naye aweza kuitajia Tomcat ukurasa wa kumpeleka mtu wa namna hiyo, kwa kipengele kiitwacho landingPage. Sisi tuliuchagua ukurasa wa mwanzo, na juu ya fomu tukaandika: “Umeme ukikatika, usitume fomu hii, anza upya.”