Meno ya Kinga na Mbio za Mteremko

Vijana wetu wa migodini wanapenda kuuliza: "Pasta, nikitia plato kubwa mbele, kinga yangu itashuka mbio zaidi?" Ulizo ni zuri. Tuhesabu pamoja.

Kinga nyingi za kubeba makala hazina vitesi: plato moja, pinyo moja, basi. Tuseme plato ina meno 48 na pinyo 20. Gawanya, unapata 2,4. Maana yake, pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2,4. Kama gurudumu lina mzunguko wa metri 2,2, umekwenda metri 5,28. Miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika, ni kilometa 25 kwa saa. Kupita hapo, mlima njo unakusukuma. Miguu inakimbia bure.

Kinga za mashindano ni kitu kingine. Meno 53 mbele na 11 nyuma, pedali moja ni metri 10 hivi. Mizunguko 90 kwa dakika ni karibu kilometa 55 kwa saa. Na wengi hawajui hili: 50 kwa 11 inakwenda mbali kushinda 53 kwa 12. Jino moja la nyuma lina nguvu kuliko matatu ya mbele, kwa hiyo usikimbilie plato ya bei kali.

Lakini ukifika kilometa 60, adui ni upepo. Mbio zikiwa mara mbili, nguvu ya kuupasua inakuwa mara nane! Hapo mwenye kuinama vizuri anampita mwenye kukanyaga. Tarehe 9 Julai 2016, katika Tour de France, Chris Froome alishuka mlima Peyresourde amekaa juu ya chuma cha fremu, huku akikanyaga, akashinda kwa sekunde 13. Vijana, msimwige: tangu Aprili 2021 wakubwa wa mchezo huo wamekataza mkao ule.

Turudi kwa kinga yetu. Ukitoa pinyo ya 20 na kutia ya 16, miguu ile ile inakupa kilometa 32 pahali pa 25. Sawa. Lakini pinyo ya kushukia njo ile ile ya kupandia, na kila kilima kitakudai nguvu robo zaidi. Tena, mbio zikizidi kwa robo, njia ya kusimama inazidi kwa nusu na kitu. Na gunia la makala liko nyuma, na lori linakuja. Mipira ya freni ikiwa imekwisha, feza ya pinyo ianze kununua ile.